Barua Iliyomsifu Ashrafu

Barua ilifika kituoni Jumatatu saa nne asubuhi, na aliyeileta hakuwa mtu wa posta. Alikuwa Ashrafu Salehe mwenyewe, dalali wa viwanja anayejulikana Kibaha nzima, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alivuta kiti mbele ya meza ya Inspekta Naila Matano, akatoa bahasha mfukoni, akaiweka juu ya jalada lenye jina la shangazi yake.

"Mwenyewe amejibu, afande. Kwa mkono wake."

Naila hakuishika kwanza. Ilikuwa siku ya kumi na saba tangu Mwalimu Zubeda binti Mwinyijuma atoweke nyumbani kwake Sofu, na katika siku zote hizo Ashrafu alikuwa ameitwa kuhojiwa mara mbili, na mara zote mbili alisema shangazi amekwenda kupumzika, basi.

"Imekufikiaje?"

"Kwa basi la Tanga. Kondakta alinipigia, nikaenda kuichukua stendi."

"Basi gani?"

"Mabasi ya Tanga ni mengi, afande. Sikulishika jina."

"Namba ya kondakta unayo?"

"Nimeshaifuta."

"Na shangazi yako, kwa nini asipige simu?"

"Simu yake ilitumbukia baharini wiki ya kwanza tu. Wazee na simu, unajua tena."

Naila aliandika majibu yote manne kwenye daftari lake, moja chini ya jingine. Kisha akaifungua bahasha kwa kushika kingo, akaitandaza karatasi juu ya meza. Mwandiko ulikuwa wa kialimu, herufi zimesimama mstarini kama wanafunzi asubuhi.

*Mkuu wa Kituo,*

*Assalaam alaykum. Mimi Zubeda binti Mwinyijuma, mwalimu mstaafu, mkazi wa Sofu, nimesikia kwamba natafutwa. Nipo salama kabisa, Pangani ya Tanga, ambako mwanangu Ashrafu amenileta nipumzike. Hakika sijapata kuona kijana mwenye huruma kama huyu. Ananitunza kama Mzee Mashaka alivyoitunza maktaba yetu, na mwalimu hawezi kuomba zaidi ya hapo.*

*Barabara ya kuja huku ilikuwa laini kama kanga mpya, na mgongo wangu unaishukuru mpaka leo. Kidonda cha mguuni kimepona, natembea ufukweni kila siku. Dawa zangu za sukari ninazo nyingi, hata sijui nizipeleke wapi. Ninachosikia ni mawimbi tu. Hapana kengele hata moja ya kunishtua, si alfajiri, si adhuhuri, si magharibi.*

*Kuhusu shamba langu la Pangani ya Kibaha, nimeamua kwa hiari yangu limwendee Ashrafu, maana shida zangu anazijua kuliko ninavyozijua mimi. Tafadhali fungeni jalada. Msijisumbue kunitafuta. Mtu mwenye furaha kama yangu hatafutwi.*

*Ndimi,*
*Zubeda Mwinyijuma*

"Umeiona?" Ashrafu alisema. Alikuwa akitabasamu kama aliyesifiwa mbele ya wakwe. "Mimi mwenyewe nilipoisoma machozi yalinilengalenga. Sikujua kama ananipenda kiasi hicho."

"Uliisoma?"

"Niliisoma mara mbili."

"Sasa unataka nini kwetu?"

"Barua tu, afande. Mistari miwili. Mtendaji wa kata hataki kupiga muhuri kwenye makabidhiano ya shamba mpaka polisi waandike kwamba mwenye shamba hajapotea."

"Njoo keshokutwa Jumatano, saa nane."

Ashrafu alishukuru, akatoka. Dirishani Naila alimwona akisimama uani kujitazama kwenye kioo cha gari lake kabla ya kuondoka.

Mtaalamu wa maandishi alilinganisha barua ile na madaftari ya zamani ya Mwalimu Zubeda, na kabla ya adhuhuri alikuwa na jibu: mwandiko ni wake, hauna shaka, na mkono uliouandika haukutetemeka. Mkuu wa upelelezi aliisoma, akamrudishia Naila.

"Mtu mzima amesema yuko salama. Una nini cha kuweka dhidi ya hiki?"

"Bado sina, afande."

"Ikifika Alhamisi huna, jalada tunalifunga."

*

Maua alikuwa na duka dogo Sofu, nyumba ya pili kutoka kwa Mwalimu Zubeda. Ndiye aliyekwenda kuripoti kwamba jirani yake wa miaka ishirini hayupo. Alipomwona Naila akishuka kwenye gari aliacha kupima sukari ya mteja, mizani ikabaki inaning'inia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmemwona?"

"Ameandika."

Maua aliisoma barua kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitembea. Alipofika kwenye dawa alisimama. Aliingia ndani, akarudi na ufunguo, akamwongoza Naila mpaka nyumba ya pili, akafungua, akamwonyesha meza ya chumbani. Boksi la vidonge vya kisukari lilikuwa pale pale, na pembeni yake bandeji na dawa ya kidonda, haijafunguliwa.

"Alizichukua hospitali Alhamisi. Ijumaa akatoweka," Maua alisema. "Hakubeba hata kimoja. Sasa hizo nyingi asizojua azipeleke wapi, kazitoa wapi?"

"Labda alinunua nyingine huko."

"Na kidonda? Hicho kidonda kina miezi minne, mwanangu. Daktari alimwambia akizembea watamkata vidole. Leo kimepona kwa wiki mbili, tena kwa kutembea mchangani?" Aliketi kitandani kwa rafiki yake, akajifuta uso kwa upindo wa mtandio. "Mwandiko wake ninaujua. Ila Zubeda hajapata kusema uongo, hata wa kumfurahisha mtu. Nikipika vibaya ananiambia umepika vibaya."

Naila aliandika: *dawa zimebaki, kidonda*. Akaisoma tena barua pale pale, amesimama. Macho yakagota kwenye neno kanga.

"Mama Maua, kanga mpya ni laini?"

"Kanga mpya? Ile yenye wanga? Inakwaruza kama mkeka. Mpaka uifue mara tatu ndiyo ikae mwilini."

"Kwa hiyo mwanamke hawezi kuandika barabara laini kama kanga mpya."

"Mwanamke hawezi. Mwanamume ndiye anaweza kuisoma asishtuke."

Walitazamana.

"Na huyu Mzee Mashaka wa maktaba ni nani?"

"Simjui. Hayo mambo ya shuleni muulize Mwalimu Bilali, yule anayefundisha Kisarawe. Alikuwa mwanafunzi wake. Kila Idi anakuja hapa kumsalimia, na wakikaa ni vitabu tu, chakula kinapoa."

*

Hata hivyo Naila hakwenda Kisarawe kwanza. Usiku kucha alikuwa ameipindua barua: dawa nyingi maana yake hakuna dawa, kidonda kimepona maana yake kimezidi. Basi Pangani ya Tanga maana yake Pangani nyingine, ile ya Kibaha, kwenye shamba lenyewe. Jumanne asubuhi alikwenda huko na askari wawili, mwendo wa kunyemelea, wakakizunguka kibanda cha shambani kutoka pande tatu.

Ndani walikuta majembe, debe la mbegu za mahindi, na mtunza shamba aitwaye Salumu aliyekuwa akinywa uji. Kijiko kilimdondoka.

"Bi Mkubwa hayupo hapa," alisema alipopata sauti. "Tangu mwezi jana hajakanyaga. Anayekuja ni huyo Ashrafu, na watu wa kupima."

Alikuwa akisema kweli. Walikagua kibanda, choo, na kichaka chote mpaka mtoni. Walichokiona ni mawe mapya ya mipaka, yamepakwa rangi nyeupe, yakikata mihogo ya Mwalimu Zubeda katikati. Mtendaji hajapiga muhuri, na shamba limeshagawanywa viwanja ishirini na viwili.

Naila alijua amekosea, ila hakujua amekosea wapi. Alirudi kwa Salumu.

"Ashrafu akija anatokea wapi?"

"Sijui anakotokea. Ninachojua gari lake linakuja na tope mpaka madirishani. Mimi ndiye anayenipa niliogeshe. Huku kwetu mvua haijanyesha wiki mbili, nikawa najiuliza, huyu analima mpunga wapi?"

Naila aliandika na hilo. Barabara ya Tanga ni lami mwanzo mpaka mwisho.

*

Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa Kisarawe, kwenye ofisi ya walimu wa lugha ya shule moja ya sekondari juu ya kilima. Mwalimu Bilali alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa kwa uzi, chaki kwenye nyusi. Naila alimpa nakala ya barua bila kumweleza chochote. Ni mtindo wake: shahidi akielezwa kabla, huona alichoelezwa.

Bilali alisoma. Kwenye Mzee Mashaka alicheka kwa sauti, mpaka mwalimu wa meza ya pili akageuka. Kisha kicheko kikakatika kama kilichochinjwa. Alivua miwani.

"Afande, huyu mama kafungiwa. Kafungiwa ndani kwa ufunguo, na hapati anachohitaji."

"Umejuaje?"

"Mzee Mashaka alikuwa mtunza maktaba wa shule yetu. Aliogopa tutavichafua vitabu, kwa hiyo alifunga mlango, ufunguo akauning'iniza kiunoni, miaka mitatu hakuna aliyeingia. Siku mkaguzi alipokuja ukafunguliwa, mchwa walikuwa wameshakula kila kitu. Yalibaki majalada tu, ndani vumbi. Mwalimu Zubeda alitusimulia kisa hicho kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la kinaya. Hakuna mwanafunzi wake asiyekijua."

"Kinaya."

"Kusema hiki ukakusudia kile. Alikuwa akitufundisha kwamba viko vya namna tatu." Bilali alisogeza kiti. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya darasani. "Cha kwanza ni kinaya cha maneno. Unamwambia aliyechelewa, umewahi kweli leo. Barua hii imejaa hicho. Huruma ya Ashrafu, ulaini wa kanga mpya, wingi wa dawa."

"Hilo nililipata," Naila alisema. "Nikapindua na Pangani. Nilikwenda Pangani ya Kibaha na askari wawili, nikamkuta mtu anakunywa uji."

Bilali hakucheka. Alikuna kidevu, akaitazama barua tena.

"Hapo ndipo wanafunzi wote huanguka. Si kila lisilo kweli ni kinaya, afande. Kuna uongo vilevile. Mwongo anataka uamini. Mwenye kinaya anataka usiamini, kwa hiyo lazima akuachie alama. Tazama hapa: *Pangani ya Tanga, ambako mwanangu Ashrafu amenileta nipumzike.* Alama iko wapi? Hakuna sifa iliyozidi, hakuna mfano uliopinda. Sentensi hii imenyooka tu. Hii si yake. Hii ameambiwa aandike."

Naila alivuta barua kwake. Alikuwa amehoji wezi, wauaji na matapeli kwa miaka kumi na miwili, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha mpaka ule kati ya uongo na kinaya. Alichora mstari kwa penseli chini ya sentensi ya Pangani, akaandika pembeni: *Ashrafu*.

"Basi tuonyeshe zilizo zake. Nipe zenye alama."

"Barabara: alama ni kanga. Kwa hiyo ni barabara mbaya, ya kuvunja mgongo."

"Na gari lake lina tope mpaka madirishani."

"Ufukweni: alama ni kidonda. Mwenye kidonda cha kisukari hatembei mchangani. Kwa hiyo hatembei kabisa."

"Na hili la mawimbi?"

Bilali aliisoma sentensi ile kwa sauti. *Hapana kengele hata moja ya kunishtua, si alfajiri, si adhuhuri, si magharibi.* Akaisoma tena.

"Afande, hapa ofisini kuna simba?"

"Hakuna."

"Umenijibu kwa neno moja. Hukuniambia hakuna simba wa saa moja, wala wa saa sita, wala wa saa kumi na mbili. Mtu hatajiwi saa za kengele isiyolia."

Naila alikuwa ameshasimama. "Kwa hiyo inalia. Mara tatu kwa siku, na anaisikia akiwa ndani. Kengele ya kanisa."

"Kanisa la zamani, lenye kengele ya kuning'inia. Wilaya hii ndiyo yenye mvua wiki hizi, barabara mbovu, tope..." Bilali naye alisimama. "Maneromango. Misheni ya Walutheri. Mwalimu Zubeda alianzia kazi huko, kengele ile anaijua kwa saa zake."

Naila alimpigia mwenyekiti wa kijiji. Hakumtaja Zubeda, wala ukoo wa baba yake Ashrafu, ambao ni wa Zubeda pia. Aliuliza jambo moja tu: je, upande wa mama yake Ashrafu Salehe, dalali wa Kibaha, una nyumba hapo? Mwenyekiti alijibu bila kufikiri. Ndiyo, nyumba ya bibi yake, nyuma ya misheni, anakaa binamu yake mmoja, Mwanajuma. Siku hizi wana mgonjwa wa akili wanamuuguza, maskini, hatoki nje.

"Mgonjwa mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Mtu mzima."

Aliomba askari wawili Kisarawe, akaomba na gari. Bilali alikuwa amesimama mlangoni, vipindi viwili vya mchana amemwachia mwenzake.

"Unaweza kuniambia njiani hicho cha pili na cha tatu," Naila alimwambia.

*

Aliambiwa huku vichwa vikigonga paa la gari. Barabara ilikuwa imekatwakatwa na mvua, na kila baada ya mwendo mfupi dereva alisimama kupima dimbwi kwa macho kabla ya kuingia.

"Cha pili ni kile cha kwenye mchezo wa jukwaani," Bilali alisema akiwa ameshika chuma kwa mikono yote miwili. "Watazamaji wanajua jambo, mhusika halijui. Wanamwona akisogea kwenye shimo, yeye anaimba. Sasa fikiria chumba kile. Ashrafu amesimama nyuma yake anasoma kila neno, anajiona anasifiwa. Na bibi yule anaandika kwa watazamaji ambao hawapo, hajui ni nani, hajui kama watafika. Anaamini tu kwamba mahali fulani kuna mtu atakayeelewa. Mimi ningetetemeka mkono."

"Wake haukutetemeka. Tumepima."

"Haukutetemeka?" Bilali alitikisa kichwa. "Kafundisha nusu ya Kisarawe na nusu ya Kibaha. Ashrafu kakaa nyumbani kwake miaka sita akisomeshwa, na kipindi chake alikuwa anatoroka. Alisema Kiswahili anakijua tangu kwa mama yake, cha nini kukisomea."

"Na cha tatu?"

"Kinaya cha tukio. Mtu anafanya jambo ili apate hili, na jambo lile lile ndilo linalomletea kinyume chake."

Naila alitazama saa. Saa sita na robo. Alipiga simu kituoni Kibaha, akazungumza na sajenti wa zamu.

"Saa nane atakuja mtu kuchukua barua yake. Ashrafu Salehe. Mkaribishe kiti. Ukisikia simu yangu, mweke chini ya ulinzi. Nisipopiga, mweleze mimi niko njiani na umpe chai."

Alikata simu. Akamweleza Bilali jinsi Ashrafu alivyoileta barua mwenyewe Jumatatu, shati limepigwa pasi.

"Hicho ndicho cha tatu, afande. Kaileta mwenyewe polisi, na leo anakuja mwenyewe tena, amepiga pasi."

*

Nyumba ilikuwa ya udongo iliyopigwa lipu, bati jipya, migomba upande mmoja. Mwanajuma, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa uani akipepeta mchele. Aliwaona askari akasimama, ungo ukabaki mkononi.

"Mgonjwa wako yuko wapi, dada?"

"Kalala. Msimwamshe, akiamka anasema maneno. Ashrafu kasema maradhi yake ndiyo hayo, anadhani yeye bado mwalimu."

"Ni mwalimu," Bilali alisema.

Mwanajuma alimtazama, kisha akamtazama Naila, kisha akatazama chini. "Mie kaniambia amechanganyikiwa. Ufunguo kaniachia mie, kasema asitoke, atapotea. Chakula nampa. Siku mbili hizi hali. Nimempigia Ashrafu, kasema atakuja Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Kasema Alhamisi ana shughuli ya muhuri."

Aliutoa ufunguo kwenye fundo la kanga bila kuombwa. Mkono wake ndio uliokuwa ukitetemeka. Naila akauchukua, akafungua kufuli mwenyewe.

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na dirisha lililogongomewa mbao. Mwalimu Zubeda alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umefungwa kitambaa kilicholowa. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Harufu ya kidonda ilijaza chumba kizima. Naila alipiga magoti, akashika kiganja chake. Kilikuwa cha moto.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni polisi, natoka Kibaha. Tumeisoma barua yako."

Macho yalifunguka taratibu. Yalimpita Naila, yakamfikia mtu aliyesimama mlangoni na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nani aliyeisoma?" sauti ilikuwa nyembamba kama ya kuku aliyenyeshewa. "Bilali?"

"Mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kengele uliiona?"

"Niliiona."

"Ulichukua muda gani?"

"Robo saa, Mwalimu."

Alifumba macho. "Umezembea," alisema, na machozi yakamtoka mtu wa miaka hamsini mbele ya askari wawili, wala hakuyaficha.

Naila alitoka nje na simu. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Sajenti alipokea mara moja. Alisema mgeni yupo, amekunywa chai, na anauliza kama barua itakuwa na nembo.

"Mkamate," Naila alisema.

*

Madaktari wa Kisarawe walimtundikia maji, wakapima sukari, wakasafisha mguu. Vidole viwili vilikuwa hatarini, na mpaka alasiri walikuwa hawajajua kama watavikata. Siku mbili zaidi, daktari alimwambia Naila kwenye korido, wasingekuwa na mtu wa kutibu.

Saa kumi na moja walimruhusu kumhoji. Maua alikuwa ameshafika kutoka Sofu, ameketi upande wa ukutani na boksi la vidonge mapajani, hakuna aliyeweza kumtoa. Naila alivuta kiti, akafungua karatasi ya maelezo.

"Mwalimu, si lazima iwe leo. Kichwa kikikuuma tunaacha."

"Iwe leo."

"Anayetuhumiwa ni mtoto wa kaka yako. Maelezo haya yatasomwa mahakamani, naye akiwepo."

"Ninajua. Nilimfundisha kutembea." Alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Andika."

Aliyaeleza kwa mpangilio, bila kuruka. Ijumaa ile Ashrafu alimwambia anampeleka hospitali. Gari halikusimama hospitali. Siku ya kwanza alimletea karatasi za shamba, akakataa kusaini. Siku ya pili alimnyang'anya simu. Siku ya tano akamwambia dawa atazipata akisaini. Siku ya kumi na tatu alisaini. Hata hapo hakuletewa dawa, maana polisi walikuwa wanauliza, na Ashrafu akataka kwanza barua. Alijitolea kuiandika vizuri ili waiamini. Kijana alifurahi, akamletea kalamu mpya.

Naila aliandika kila neno. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wajasiri, wengi wao wakiwa na silaha, na wengine wakiwa na miguu ya kukimbilia. Huyu alikuwa na kalamu tu, na adui yake nyuma ya bega.

"Mwalimu, kuna jambo nataka kukuuliza ambalo si la jalada. Ulikuwa unaandika yuko hapo anasoma. Mkono haukutetemeka. Uliwezaje?"

Mwalimu Zubeda alitazama dripu ikidondoka. Maua aliacha kuchezea boksi. Bilali, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka.

"Hapana, mwanangu. Hapo usiniandike vizuri kuliko nilivyokuwa," alisema. "Usiku ule baada ya kuondoka na barua nililia mpaka yule binti akagonga mlango. Nilifikiri hakuna atakayeelewa. Nilifikiri mtafunga jalada kama nilivyowaomba." Alijivuta juu ya mto. "Siku kumi na tisa. Nilikuwa ninaogopa. Liandike na hilo, hivyo hivyo lilivyo."

Naila aliinamia karatasi, akaliandika.